RELI YA UHURU: KUMILIKI PAMOJA BILA KUTUNZA PAMOJA

Katika makala haya tunakusudia kuchambua kosa moja la ushirikiano wa nchi zetu, nalo ni kumiliki mali pamoja bila kuitunza pamoja. Mfano tunaoutumia ni Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kada akiuelewa mfano huu, ataielewa pia miradi mingine ya ubia iliyozaliwa kwa shangwe na kuzeeka kimyakimya.

Chanzo

Reli hii haikuzaliwa na hesabu ya faida. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa bandia, na shaba ya Zambia ikabaki kwenye njia iliyoshikwa na adui. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walipoomba msaada, Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikataa, zikidai kuwa reli haitalipa. China ilikubali mwaka 1967, ikatoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

Liko jambo linalosahauliwa. Gharama za ndani za ujenzi zililipwa kwa fedha zilizotokana na bidhaa za Kichina zilizouzwa katika maduka ya nchi hizi mbili. Kwa hiyo mwananchi aliyenunua bidhaa hizo aliichangia reli, hata kama hakuwahi kuipanda. Maelfu ya vijana walipasua miamba kati ya Mlimba na Makambako, na wako Wachina na Waafrika waliofia kazini.

Makosa yetu

Kwanza, serikali mbili zina hisa nusu kwa nusu. Kisiasa huo ni usawa. Katika utunzaji usawa huo uligeuka kuwa kungojana: kila upande ulitaka mwenzake atangulie kutoa fedha. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Pili, hatukuweka akiba ya kutosha ya kuifanya upya. Reli huchakaa kila siku inapofanya kazi: mataruma hupasuka, kokoto hudidimia, injini huisha nguvu. Sisi tulingoja injini ife, ndipo tukaenda Beijing kutafuta mkopo mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, tulitegemea mizigo iliyoletwa na shida. SADCC ilipoundwa Lusaka Aprili 1980, lengo lake lilikuwa kupunguza utegemezi kwa makaburu, na TAZARA ilikuwa silaha ya kazi hiyo. Ubaguzi uliposhindwa mwaka 1994, njia za kusini zilikuwa wazi, na malori yalikuwa tele barabarani. Reli iliyopata kubeba zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka ilibeba chini ya tani 100,000 mwaka 2014/15, huku wafanyakazi wakigoma kwa kucheleweshewa mishahara.

Na sisi waandishi tujikosoe. Tuliandika sana juu ya ushujaa wa kujenga, tukaandika kidogo mno juu ya kazi ya kutunza.

Abiria ni nani?

Mhasibu husema treni ya abiria ni hasara. Hesabu yake ni pungufu, maana huandika tiketi tu. Katika bonde la Kilombero, barabara zikikatika wakati wa masika, treni ndiyo soko, ndiyo njia ya hospitali, ndiyo njia ya shule. Mama anayepandia Mlimba na magunia mawili ya mchele ni mzalishaji. Treni ikichelewa siku nzima, ndizi za jirani yake huozea stesheni na mtaji hufa. Hasara hiyo haimo katika vitabu vya reli kwa sababu anayeibeba ni mnyonge.

Mkataba mpya

Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa hati ya maelewano. Mwaka 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wa dola zipatazo bilioni 1.4, wa kukarabati na kuendesha reli. Hatuupingi. Lakini kada asidanganyike: kampuni hurudisha fedha yake kwa shaba, si kwa mchele wa Mlimba. Upande wa pili wa bara, Marekani na Ulaya zinaipigania njia ya Lobito, Angola, kwa ajili ya shaba hiyo hiyo. Wakubwa wanaishindania shaba. Abiria hashindaniwi na mtu.

Kwa hiyo kazi ya abiria haiwezi kuachiwa mwekezaji. Serikali mbili ziandike pamoja idadi ya safari za abiria kwa wiki, na pengo la nauli zilijaze kwa uwiano unaotangazwa bungeni. Fungu la mapato ya kila tani ya shaba, pamoja na ile ya Kongo inayopita hapa, liingie katika mfuko wa kuifanya reli upya, usioguswa na hazina yoyote. Karakana za Dar es Salaam na Mpika zifundishe vijana, ili miaka 30 ikiisha tubaki na mafundi, si chuma chakavu.

Watakuwapo watakaosema nchi maskini haziwezi kulipia nauli. Lakini zimekwisha kulipa: mishahara iliyolimbikizwa, madeni, injini zilizokufa kabla ya wakati. Zililipa kwa kuchelewa, na ndiyo maana zililipa zaidi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huo tunaujenga sasa, kwa fedha ya mwingine. Wajibu wetu ni kuamua leo nani atazitazama nyufa zake, na kwa fungu lipi.