Bei ya Siku Moja ya Jasper Milvain

Mwandishi anayeanza kujitegemea hupewa ushauri uleule: tafuta mfano wa ankara, jaza, tuma. Sawa. Mimi ningemwongezea riwaya: New Grub Street ya George Gissing, iliyotoka London mwaka 1891. Ni hadithi ya watu wanaoishi kwa kalamu, na hela zao zinatajwa waziwazi, pauni kwa pauni.

Kuna sehemu ninayoirudia mara kwa mara. Jasper Milvain, kijana anayeandikia magazeti, anawasimulia dada zake siku yake ilivyokwenda. Asubuhi kasoma kitabu na kukiandikia uhakiki. Kabla ya chakula cha mchana kamaliza safu ya gazeti jingine. Baada ya hapo kaandika nusu ya makala, na jioni kaendelea na nyingine. Dada mmoja anauliza: vyote hivyo thamani yake nini? Jasper anapiga hesabu palepale: gini 10 hadi 12.

Hiyo ni ankara kamili, ila imesemwa kwa mdomo. Ina siku, ina orodha ya kazi, ina jumla. Haina samahani hata moja.

Mwenzake, Edwin Reardon, ana kipaji kikubwa zaidi na anaandika kwa mateso. Anajikamua riwaya nzima, anaipeleka, kisha anakaa kusubiri barua ya mchapishaji imwambie kazi yake ni ya shilingi ngapi. Jibu ni pauni 75, pungufu ya alizotumaini. Anakubali, maana nyumbani kuna mke, mtoto na kodi ya pango. Ningeisimulia riwaya hii kwa Kiswahili, Reardon ningemwekea vitenzi vya kutendewa tu: anapangiwa, anapunguziwa, anaambiwa.

Leo Reardon yuko WhatsApp. Tunaufahamu ujumbe wake: “Habari za siku bosi, samahani kwa usumbufu, nilikuwa naulizia kale kamalipo ketu.” Usome kama unavyosoma shairi. “Samahani” inamfanya mdai awe mkosaji. “Nilikuwa” inalisukuma swali nyuma, kana kwamba limeshapita. “Naulizia” imekaa mahali pa “nadai”. Na “kamalipo” kanalifanya deni kuwa katoto. Gazeti moja liliwahi kunijibu kwa miezi minne kwamba hela “ipo kwa mhasibu”, na kila nilipokumbushia, ujumbe ulizidi kuwa mtamu na deni likazidi kuwa dogo.

Sisemi tuache adabu. Adabu ikae kwenye salamu, na namba ikae kwenye ankara. Hapo panatosha vitu vichache: namba ya ankara, tarehe, kazi iliyofanyika, kiasi, siku ya mwisho ya kulipwa, TIN na akaunti. Kwa Tanzania, onyesha kiasi kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5, kisha udai cheti chake. Hakuna kivumishi kinachohitajika.

Lugumi langu na Gissing liko hapa. Anayejua bei yake ndiye kamfanya mtu asiye na moyo: Jasper anamwacha mchumba wake, Marian Yule, urithi wa binti huyo unapopungua, kisha anamwoa mjane wa Reardon, mwenye urithi wake. Anayeshindwa kutaja bei anakufa akiwa na heshima zake zote. Msomaji anaondoka akiamini kwamba usafi wa sanaa unapimwa kwa aibu ya kudai. Imani hiyo bado tunayo, na wanaofaidika nayo zaidi ni wanaotulipa kwa kuchelewa. Gissing mwenyewe aliiuza riwaya hii kwa pauni 150, haki zote zikaenda kwa mchapishaji.

Lakini ni Gissing huyohuyo anayetupa Marian, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Marian anashinda kwenye chumba cha kusomea cha British Museum akimfanyia baba yake utafiti na hata kumwandikia makala zinazotoka kwa jina la baba. Hana jina, hana bei, hana wa kumpelekea ankara. Reardon angalau anajua aliuza nini na kwa kiasi gani. Kazi ya Marian haikuwahi kuandikwa popote kwamba ilifanyika.

Kwa hiyo ankara naichukulia kama maandishi yenye uzito wake, hata kama ni ya makala fupi na hela yenyewe ni ya mboga. Kabla haijawa ombi la pesa, ni sentensi inayosema: mimi, jina langu hili, siku fulani, nilifanya kazi hii. Marian angeistahili kuliko wote.