Padri wa Nizon na Picha Nyekundu

Mwaka 1888, katika jimbo la Bretagne kule Ufaransa, muchoraji Paul Gauguin na rafiki zake walibeba picha mpya toka Pont-Aven mpaka Nizon, kwenye kanisa la kale la mawe. Gauguin hakutaka franka hata moja. Alitaka tu picha yake itundikwe ukutani, kati ya sanamu za watakatifu za muti. Padri akaitazama: udongo mwekundu kabisa, wanawake wenye kofia nyeupe za kitambaa, na mbele yao watu wawili wakipigana mieleka, mumoja ana mabawa. Akafikiri labda wanamufanyia muzaha, tena wakristu wake hawataifahamu. Picha ikarudi Pont-Aven. Ni Emile Bernard, muchoraji mwenzake, aliyesimulia habari hiyo. Leo picha ile iko Edinburgh, katika nyumba kubwa ya picha ya Scotland, na watu wanatoka mbali kwenda kuitazama.

Tangu tuliposoma habari hii tunajiuliza: sisi tungefanya nini? Wengi kati ya wasomaji wetu wataongoza parokia, watajenga kanisa, na siku moja mutu ataleta picha mulangoni. Basi tumuhukumu padri yule kwa haki, na kwa ajili hiyo sherti tujue wachoraji wa karne ile walitoka wapi.

Kwanza tukumbuke ni sanamu gani zilizotengenezwa wakati ule. Katika Paris, maduka ya karibu na kanisa la Saint-Sulpice yaliuza sanamu za plasta: Bikira Maria mwenye mashavu ya rangi ya waridi, Mutakatifu Yosefu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na mikono ambayo haijashika randa hata siku moja. Sanamu za namna ile zilipanda meli pamoja na wamisionari, nasi tumezijua tangu utoto. Hatuzicheki, mama zetu walisali mbele yake. Lakini zilituzoeza kufikiri kwamba picha takatifu ni picha tamu.

Gustave Courbet alichukia utamu huo. Mwaka 1849 alianza kuchora maziko katika kijiji chake, Ornans, karibu na milima ya Jura. Picha hiyo ina upana wa zaidi ya meta 6, na kwenda juu zaidi ya meta 3. Kipimo hicho wachoraji walikiwekea wafalme, vita na mashujaa. Yeye akakitumia kwa watu wa kijijini, zaidi ya 40, wakubwa kama walivyo kweli. Ilipoonyeshwa Paris, katika maonyesho ya mwaka 1850 na 1851, wengi walikasirika. Walisema ni ubaya mutupu, na kwamba anachekelea dini.

Tuitazame polepole, maana inatuhusu. Padri anasoma sala ndani ya kitabu. Wasaidizi wawili wa kanisa wamevaa joho jekundu, na pua zao zinashindana na joho. Mutoto mumoja wa altari anatazama juu, pengine anawaza kitu kingine. Muchimba kaburi amepiga goti moja, anangojea. Wanawake wanalia upande wao. Mbwa amegeuza kichwa. Hakuna watu wawili wanaotazama pahali pamoja! Na kaburi liko chini kabisa, limekatwa na ukingo wa picha, hata mutu anayesimama mbele yake anajikuta yeye mwenyewe kwenye shimo. Juu ya vichwa vyote, peke yake mbele ya mbingu ya kijivu, umeinuliwa musalaba.

Je, huo ni uadui wa dini? Tunajua vizuri kwamba Courbet hakutupenda. Mwaka 1863 alichora mapadri wamelewa wakirudi kutoka mukutano wao. Kisha mukristu mumoja akainunua picha ile ili aiharibu. Lakini juu ya Maziko tunasema bila kuogopa: hatujui picha nyingine ya karne ile inayomufaa zaidi padri kijana. Sisi wenyewe tumesoma sala za wafu huku macho ya watu yakizunguka na watoto wa altari wakisukumana. Courbet aliona hayo, akaacha musalaba mahali pake.

Jean-François Millet munamujua wote, kwa sababu ya Malaika wa Bwana, picha aliyoichora kati ya mwaka 1857 na 1859. Mukulima na muke wake wamesikia kengele ya jioni, wameacha viazi, wanasali vichwa chini. Millet alikuwa mwana wa wakulima wa Normandie. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alikumbuka nyanya yake, aliyewasimamisha wote shambani kengele ilipolia, ili waombee marehemu maskini. Ni picha ndogo, haifiki meta moja. Mwaka 1890 tajiri Chauchard aliilipia franka 800.000, na tangu hapo imechapwa pahali pote, hata juu ya visahani na masanduku. Tunaipenda. Hata hivyo tunathubutu kusema kwamba imepewa sifa kupita dada yake, Wanawake Waokotao Masazo, ya mwaka 1857. Pale hakuna kengele. Wanawake watatu wameinama mpaka chini, wanaokota masuke yaliyobaki. Kwa mbali sana kuna marundo ya ngano, magari, na musimamizi juu ya farasi. Matajiri wa Paris waliiogopa, wakaona uasi ndani yake. Anayejua kitabu cha Ruti atasoma jambo lingine: haki ya maskini katika shamba la mwenzake, ambayo sheria ya Musa ilikuwa imeilinda. Malaika wa Bwana inatuonyesha watu wakisali. Picha hii inatutuma kusali kwa ajili ya watu, na ndiyo tungeichagua.

Edouard Manet alijaribu kurudi kwa Injili. Mwaka 1864 alionyesha Kristu aliyekufa kati ya malaika wawili, na jeraha la mukuki akaliweka upande wa kushoto. Baudelaire alimuonya alisahihishe, halikusahihishwa. Waseminari watacheka. Lakini mwili ule umekufa kweli, ni mwili wa mutu wa kazi, na imani yetu haipotezi kitu kwa kukiri kwamba Bwana alikufa kweli.

Juu ya wale walioitwa Impresionisti, waliofungua maonyesho yao ya kwanza Paris mwezi wa Aprili 1874, hatutakawia. Walitufundisha mwangaza, na hiyo si zawadi ndogo. Tazama lakini Claude Monet: kati ya mwaka 1892 na 1894 alichora uso wa katedrali ya Rouen katika picha zaidi ya 30, asubuhi, muchana, jioni, wakati wa ukungu. Mawe yanakuwa kama asali, halafu kama majivu. Ni ajabu ya macho. Ila katika picha zote hizo mulango wa kanisa ni kivuli tu. Haituiti kuingia.

Vincent van Gogh, mwana wa muchungaji Muprotestanti wa Uholanzi, yeye alitaka kuingia. Alihubiri kati ya wachimba makaa wa Borinage, katika Ubelgiji, akagawa nguo zake, akalala chini. Mwaka 1879 wakubwa wake waliona amepita kipimo, hawakuendelesha kazi yake. Ndipo akashika burushi. Karibu na mwisho wa maisha yake, mugonjwa katika Saint-Rémy, alichora tena wakulima wa Millet kwa rangi zake mwenyewe.

Sasa turudi Nizon. Picha iliyokataliwa inaitwa Maono baada ya Mahubiri. Wanawake wametoka kusikia mahubiri juu ya Yakobo aliyeshindana usiku kucha, kama tunavyosoma katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 32. Gauguin alimueleza Van Gogh katika barua kwamba udongo ule na mieleka ile vimo tu ndani ya mawazo ya watu wanaosali. Ndiyo sababu ni vyekundu: si shamba la Bretagne, ni Neno la Mungu likifanya kazi moyoni mwa musikilizaji. Muti mumoja unakata picha katikati, huku watu, kule maono. Padri mwenyewe yuko pembeni upande wa kuume, karibu asahauliwe. Wahubiri wote wanajiuliza kama neno lao lilibaki kanisani ao lilitoka pamoja na watu. Hapa muchoraji amejibu, na padri hakutambua kwamba ni kazi yake mwenyewe iliyoletwa mulangoni.

Hatusemi kwamba alikosa akili. Gauguin alimuacha muke na watoto watano, na maisha yake katika visiwa vya Tahiti, pamoja na wasichana wadogo, ni aibu. Tena kuna kasoro ndani ya picha yenyewe. Nyuso za wanawake ni kama vinyago. Anapenda imani yao kama mutu anayependa kitu cha kigeni. Aliwatafuta Wabretoni, na baadaye Watahiti, kwa sababu aliwafikiri watu wa porini, wasioguswa na elimu. Jicho hilo sisi tunalijua; limetutazama sisi pia.

Mutaguso wa Vatikano II, mwaka 1963, ulieleza kwamba Ekleziya haikushika namna moja tu ya ufundi kuwa yake peke yake. Ukaagiza pia kuondoa katika makanisa kazi zinazochukiza imani, ao zilizo dhaifu kwa ufundi. Agizo la pili lingeondoa plasta nyingi kabla ya kumufikia Gauguin. Kwetu padri wa Nizon alikosa jambo moja: alisema watu hawataifahamu, bila kuwaita wale wanawake wenye kofia nyeupe waitazame.

Mwaka 1889 Gauguin alichora Kristu wa Manjano. Alichukua mufano wake katika kapela ya Trémalo, karibu na Pont-Aven, ambamo kuna musalaba wa kale wa muti, kazi ya fundi asiyejulikana jina: mbavu zimehesabika, mikono ni mirefu, uso haukupambwa. Lazima kulikuwa na padri, zamani, aliyeupokea.