Fundi na Urefu wa Vali

Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Siku ya ufunguzi, tarehe 21, Remco Evenepoel wa Ubelgiji alishinda mbio za kushindana na saa, akimpita njiani Tadej Pogačar wa Slovenia aliyekuwa ametangulia kuondoka. Baiskeli za mbio za barabarani huwa na magurudumu ambayo macho yetu hayajayazoea: rimu za kaboni zilizoshuka kutoka kwenye tairi kuelekea kwenye habu, hadi spoki zikabaki fupi. Na kwenye ukingo wa ndani wa rimu huchungulia kijiti chembamba, pengine urefu wa kucha ya kidole gumba tu. Ndiyo vali. Nataka kuizungumzia vali hiyo, na mtu anayeamua iwe na urefu gani.

Rimu nyepesi ya kawaida ina kina cha milimita 20 hivi, na karibu vali yoyote itatokeza upande wa pili. Za mbio huenda 35, 50, 60, hata 80. Sababu ni hewa. Mpanda baiskeli anayekimbia kwenye tambarare humaliza sehemu kubwa ya nguvu zake akiipasua hewa iliyo mbele yake. Akizidisha kasi maradufu, hewa humkinza mara nne. Spoki ndefu huikoroga hewa hiyo, rimu yenye kina huiacha ipite ubavuni kwa utulivu. Kasi hiyo ina malipo yake. Upepo wa ubavu huusukuma usukani, na tundu la vali, ambalo zamani lilikuwa tobo tu kwenye bati, sasa limekuwa handaki.

Baiskeli nyingi nyeusi za mizigo na za shambani hutumia vali ya Woods, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1891, ile ambayo asili yake ina kimpira chembamba ndani kinachoachia upepo uingie na kuuzuia usitoke. Nyingine hutumia vali kama ya gari, ya Schrader. Zote mbili zinahitaji tundu la milimita 8 hivi. Baiskeli za mbio hutumia vali ya Presta, yenye asili ya Ufaransa, ambayo unene wake ni milimita 6. Tundu dogo huipunguzia rimu nyembamba udhaifu. Kwa hiyo mtu akikwama, akakosa tyubu ya Presta mjini, huja na wazo la kulipanua tundu kwa drili ili tyubu yoyote iingie. Fundi mzuri hukataa. Tundu la rimu ya kaboni limezungukwa na nyuzi zilizopangwa zibebe mvutano na shinikizo, ukizikata hazirudi. Namheshimu sana fundi anayekataa fedha ya kazi ambayo ingemchukua dakika moja.

Sasa kipimo chenyewe. Tyubu za Presta huuzwa zikiwa na vali za urefu tofauti: 40, 48, 60, 80, na zipo hata zaidi ya hapo. Mtu mwenye haraka husoma 50 kwenye rimu, anachukua vali ya 60, anaondoka. Mara nyingi hupatia, lakini hajui kwa nini amepatia, na siku ya rimu ya 60 atakosea. Namba ya rimu hupimwa kuanzia ukingo wa nje kabisa, pale tairi linapotokeza, hadi ukingo wa ndani. Tyubu haikai kwenye ukingo wa nje. Inakaa kwenye kitako cha rimu, milimita kadhaa chini zaidi. Kwa hiyo handaki la vali ni fupi kuliko kina kilichoandikwa, na ufupi huo hutofautiana kati ya rimu na rimu. Urefu wa vali nao hauhesabiwi sawasawa na kila kiwanda. Namba mbili, na hakuna hata moja inayojibu swali moja kwa moja.

Fundi ninayemsifu hutoa tairi, huchukua kipande cha spoki ya zamani kilichonyooka, hukipitisha kwenye tundu hadi ncha yake ilingane na kitako, kisha hubana kwa kucha mahali spoki inapotokeza upande wa habu. Hupima hapo. Akipata 42, huongeza 15 au zaidi kidogo, maana mdomo wa pampu unahitaji mahali pa kushika, na kijinati cha ncha ya Presta kinahitaji nafasi ya kufunguliwa kwa vidole. Jumla ni 57 au zaidi, basi vali ya 60 inatosha. Rimu ya kina cha 60 ikimpa 52, ile ya 60 itaacha milimita 8, pampu itateleza, na mwenye baiskeli atakuwa na gurudumu zuri lisilojaa. Hapo atachukua ya 80.

Mbona asichukue ya 80 kila mara? Swali ni la haki, na jibu lake si zito: itafanya kazi. Lakini vali iliyozidi huongeza uzito mahali pamoja pa mduara, na gurudumu jepesi likizungushwa hewani utaliona linatafuta kusimama na vali chini. Hutokeza kwenye upepo pia, wakati rimu nzima imetengenezwa kwa ajili ya kuukwepa. Na pampu ikivutwa vibaya, kijiti kirefu hupinda kwa urahisi zaidi.

Urefu unaotosha husaidia pia wakati wa kufunga tairi, na hapa ndipo mikono ya fundi inapopendeza kuitazama. Huitia tyubu upepo kidogo ipate umbo, huingiza vali kwanza, kisha hupandisha ukingo wa tairi kuanzia upande ulio mkabala na vali, akimalizia penye vali yenyewe. Halafu huisukuma vali juu, ndani ya tairi, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo, na kuivuta tena chini. Vali fupi ikisukumwa hivyo hupotelea ndani ya rimu. Iliyotosha husogea, hurudi, nawe unaona imekaa wima. Nati ya vali hukazwa kwa vidole tu. Vali ikigongagonga ndani ya tundu, na rimu tupu ya kaboni huikuza kelele hiyo ajabu, kipande kidogo cha tepu ya umeme chenye tobo huimaliza.

Mahali ambapo vali ndefu haipatikani, kuna kiungo cha kurefushia, na nacho kina ufundi wake. Kile rahisi hufungwa juu ya vali huku kijinati cha ncha kikiachwa wazi. Baada ya hapo huwezi kukifunga bila kutoa kiungo, na upepo unazuiwa na shinikizo lake wenyewe. Kilicho bora hudai vali ambayo moyo wake, yaani kile kipande cha ndani kinachozuia upepo, unatoka: fundi huutoa, hufunga kiungo mahali pake, kisha huurudisha moyo kwenye ncha ya kiungo. Kabla ya kufunga huzungusha kwenye hesi tepu nyembamba nyeupe ya mafundi bomba, akifuata upande wa kukaza ili isijikunje kiungo kinapoingia. Mwisho hupaka maji ya sabuni na kungoja. Kungoja huko nakupenda. Povu lisipoinuka, kazi imekwisha.

Baiskeli nyingi za mbio zina rimu ya nyuma yenye kina zaidi kuliko ya mbele. Mbele 50, nyuma 80, kwa mfano. Mwenye nazo akienda dukani bila kulifikiria hilo hununua tyubu ya akiba kwa kipimo cha gurudumu la mbele, anaifunga kwenye mfuko chini ya tandiko, na anajiona amejitayarisha. Fungua mfuko wako kabla ya safari ijayo. Tyubu ya akiba iwe na vali ya kutosha gurudumu lako lenye kina zaidi, maana ile ndefu itaingia kwenye magurudumu yote mawili, na ile fupi itaingia kwenye moja tu.