Kitabu cha Lumumba na Vita vya Nyangwe

Wasomaji wetu wa Kindu waijua hotuba ya Patrice Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960. Kitabu chake ni wachache waliokisoma. Alikiandika kwa Kifaransa karibu mwaka 1956, naye akajulikana wakati ule kama karani wa posta wa Stanleyville. Kikachapwa Ubelgiji mwaka 1961, mwenyewe akiwa ameshauawa. Jina lake ni "Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé?"

Atakayeanza na hotuba kisha akafungua kitabu atashangaa. Hotuba yahesabu matusi, mapigo na ardhi iliyonyang'anywa kwa jina la sheria. Kitabu chamsifu Leopold II, na kusema Wabelgiji walikuja kutuokoa katika mikono ya wauza watumwa wa Kiarabu. Makosa ya watawala yatajwa, lakini kama mambo ya kurekebishwa tu. Hata neno utumwa limehama: kitabuni ni kazi ya Waarabu, katika hotuba ni utawala wa Wabelgiji wenyewe.

Wako wasemao kwamba alijipendekeza ili kitabu kipite. Hilo ni jibu jepesi. Mwenye kujipendekeza haandiki kurasa nyingi hivyo juu ya mishahara na ubaguzi. Naona alisadiki, na kosa lake liko mahali pengine.

Lumumba alikuwa Mtetela. Gongo Lutete, aliyewaongoza Watetela wengi vitani, alimtumikia kwanza Tippu Tip, kisha mwaka 1892 akahamia upande wa Dola la Leopold. Watu wake walikwenda vitani pamoja na Dhanis. Nyangwe ikatekwa Machi 1893, Kasongo Aprili. Na malipo? Septemba mwaka uleule maofisa Wazungu walimhukumu huko Ngandu kuwa msaliti, wakampiga risasi. Mwaka 1895 askari waliotoka katika jeshi lake wakaasi Luluabourg. Ni wokovu gani huo, ambao waliouleta kwa bunduki zao waliugeukia baada ya miaka miwili?

Hadithi hiyo ya wokovu ilikuwa na uzito wake hapa Maniema. Serikali ya Wabelgiji iliwatazama Wangwana wa Kasongo na Nyangwe kwa shaka miaka mingi, kana kwamba ni mabaki ya adui, nao ni majirani zetu, twanunuliana samaki na mihogo. Kitabu kingeweza kuwatetea. Hakikufanya hivyo.

Hotuba ya 1960 iligeuza hukumu juu ya Wabelgiji, na iligeuza kwa haki. Juu ya Nyangwe ilinyamaza. Yasikitisha, kwa sababu Lumumba kabla ya kukaa Stanleyville alifanya kazi ya ukarani migodini huku kwetu Maniema, na miaka hiyo ya 1940 wazee waliokuwa vijana wakati wa vita vya Dhanis walikuwa bado hai, wa pande zote mbili.