Nyumba ya Anne haikujichoma: Filamu ya Judy Kibinge na sarufi ya 2008

JUMA lililopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, hapa Njoro, filamu ya Judy Kibinge iitwayo Something Necessary, iliyotoka mwaka wa 2013. Niliwaomba waandike ukurasa mmoja tu kuhusu mbinu za filamu hiyo na jinsi zinavyoisema jamii yetu. Wengi wao hawakuwa wameanza hata chekechea Bonde la Ufa lilipowaka moto mwanzoni mwa 2008. Nikisahihisha kazi zao, kalamu ilikwama kwenye sentensi iliyojirudia karibu katika kila karatasi: "Nyumba ya Anne iliteketea wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi."

Sarufi yake haina kosa. Lakini jamani, nyumba haijichomi.

Mpenzi msomaji, tangu shule ya msingi tumekaririshwa mnyambuliko wa vitenzi: choma, chomwa, chomeka, chomesha. Huwa tunafikiri ni zoezi la mtihani tu. Ukisema "alichoma", huna budi kumtaja mtendaji, kwani kiambishi a- kinamdai. Ukisema "ilichomwa", mtendaji anaweza kuja nyuma ya "na", au asije kabisa. Ukifika kwenye "ilichomeka", ameshatoroka. Na "iliteketea" ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu moto wenyewe unaonekana umejianzia kama mvua ya masika.

Sisi wa Bonde la Ufa tumezoea kuisimulia 2008 kwa kauli hizo za mwisho. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Sikiliza mazungumzo ya mitaani Nakuru, kuanzia Kaptembwo hadi Free Area: utaambiwa watu hao "walipoteza maisha", kana kwamba maisha ni simu iliyosahaulika kwenye matatu. Tume hiyo nayo iliyatia majina ya washukiwa wakuu kwenye bahasha, ikaifunga na kumkabidhi Kofi Annan, ambaye aliifikisha kwa kiongozi wa mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai Julai 2009. Kesi za Wakenya sita walioshtakiwa huko The Hague zilikwisha, ya mwisho Aprili 2016, bila yeyote kupatikana na hatia. Sentensi yetu ya taifa ikabaki haina kiima.

Ndiyo maana ninaitaka filamu ya Kibinge isomwe na watu wa lugha, si wapenzi wa sinema peke yao. Ilitokana na warsha za One Fine Day Films na Ginger Ink, zilizotupa pia Soul Boy ya Hawa Essuman na Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga. Hadithi yake ni nyepesi kuisimulia. Anne, aliyeigizwa na Susan Wanjiru, amempoteza mumewe (tazama, na mimi nimeteleza: mumewe ameuawa). Mwanawe yuko hospitalini, hana fahamu. Nyumba yake, kwenye shamba lililojitenga, ni magofu. Joseph, aliyeigizwa na Walter Lagat, ni kijana wa genge lililoshiriki vurugu hizo, na sasa roho yake inamvuta kuelekea shamba lile lile.

Mwanzoni tunaonyeshwa picha za habari za wakati ule: umati, moshi, watu wanaokimbia. Picha za aina hiyo zinapigwa kutoka mbali, na kwa mbali hakuna mtu, kuna "waandamanaji" na "vijana". Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kauli ya kutendwa ya kamera. Tulizitazama kila jioni kwenye runinga Januari ile hadi tukazizoea. Kisha mwelekezi anaziacha, anasogea karibu, na umati ule unapungua hadi kubaki watu wawili wenye nyuso. Kuanzia hapo uhariri unatupeleka kwa Anne, unaturudisha kwa Joseph, kisha kwa Anne tena. Katika sinema, picha mbili zikifuatana jicho huziunganisha lenyewe bila kuambiwa. Uso wa Joseph, halafu kuta za Anne. Mtazamaji tayari ameshatunga sentensi yenye kiima, kitenzi na shamirisho, ingawa hakuna mhusika aliyeitamka.

Kinaya nacho kinafanya kazi kubwa. Sisi tunajua Joseph ni nani kabla Anne hajajua. Kila anapolikaribia shamba, tunabeba siri ambayo mwenye shamba hana, na kubeba siri ya namna hiyo kunachosha. Niliwatazama wanafunzi wangu gizani wakijisogeza vitini. Nadhani Kibinge alikusudia uchovu huo hasa. Maelfu ya watu katika kaunti hii wanaujua: unanunua sukuma wiki kwa mtu ambaye una hakika, au unashuku, alikuwa na panga siku ile, na anakuuliza habari za watoto.

Mjadala ulichacha tulipofika kwa Joseph. Binti mmoja aliyelelewa Molo, mahali palipoungua 1992, 1997 na tena 2008, alinyoosha mkono. "Prof, huyo kijana anahurumiwa sana. Kwani yeye ndiye aliyepoteza mtu?" Darasa likanyamaza. Swali lake ni zito na sikutaka kulizima kwa cheo changu.

Jibu langu linapitia kwenye ngeli. Maneno ya chuki yaliyozagaa katika bonde hili kila msimu wa uchaguzi, "madoadoa" na "kwekwe", ambayo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyaweka kwenye orodha yake ya maneno hatari mwaka wa 2022, yana tabia moja ya kisarufi. Yanamtoa jirani katika ngeli ya A-WA, ya viumbe hai, na kumtupa katika ngeli za vitu. Doa halifi, linafutwa. Kwekwe haiuawi, inang'olewa. Mtu akishahamishwa ngeli, kazi ya panga imeshaanzwa na ulimi. Sasa, kama filamu ingemfanya Joseph kuwa mnyama asiye na uso, ingekuwa imemhamisha ngeli yeye pia, na sisi tungeondoka ukumbini tukiamini kwamba waliochoma ni majitu fulani kutoka kusikojulikana. Kibinge anakataa. Anambakiza Joseph katika A-WA, na mtu wa A-WA anaweza kuulizwa: mbona ulifanya hivyo? Kumpa uso si kumsamehe. Binti wa Molo alitikisa kichwa, hakuridhika, na sina neno naye.

Linganisha na filamu nyingine iliyotoka pembe ile ile ya nchi, The First Grader ya mwaka wa 2010, iliyoelekezwa na Mwingereza Justin Chadwick. Inamhusu Kimani Maruge, mzee aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84. Mbinu yake kuu ni mbinu rejeshi, na imetumika kwa ustadi: mzee anachonga penseli darasani, na ncha ya penseli inamrudisha kwenye mateso ya kambi za wakoloni miaka ya hamsini. Kifaa kimoja kinaziunganisha nyakati mbili. Lakini angalia mbinu rejeshi hiyo inarudi wapi. Inarudi kwa Mwingereza, adui ambaye sote tunakubaliana kumtaja kwa jina. Maruge huyo huyo alifurushwa na vurugu za 2008, akaishi kambini na wakimbizi wenzake, akaishia katika makao ya wazee Nairobi, na kufariki Agosti 2009. Hadithi ya filamu inakoma kabla ya kufika huko. Filamu ina haki ya kuchagua mipaka yake, na hii naipenda, sitaficha. Hata hivyo, mateso yaliyotoka kwa mgeni yalipata picha za kutisha, na yale yaliyotoka kwa jirani hayakupata hata moja.

Kibinge naye nina dai dhidi yake. Ameturudisha kwenye kauli ya kutenda, asante sana, ila mnyambuliko haukomi hapo. Kuna kutendesha. Joseph alichoma, je, ni nani aliyemchomesha? Wahusika wakuu wa filamu ni muuguzi mjane na kijana maskini. Kati yao hakuna mwanasiasa, hakuna tajiri wa kukodi lori na kununua petroli. Ripoti ya Waki yenyewe ilieleza kwamba vurugu nyingine zilipangwa na kugharamiwa, zikiwemo za Nakuru na Naivasha mwishoni mwa Januari 2008. Uzito wote wa dhamiri umeachiwa kijana asiye na kazi, naye anaubeba peke yake kama punda wa mchanga. Mtetezi wa filamu atasema wakubwa hawaonekani kwa sababu katika maisha pia hawaonekani, na kutokuwepo kwao ni kauli. Huenda. Mimi ningependa angalau mkono mmoja ukihesabu noti.

Nilizirudisha karatasi Jumanne na kuwaambia waandike upya sentensi ile moja tu. Zikaja za kila aina. Wengine waliandika "Joseph na wenzake waliichoma nyumba ya Anne." Binti wa Molo alitumia kutendesha, kisha mahali pa kiima akaacha nafasi tupu na nukta nne. Nilimpa alama zote.

Kibinge mwenyewe hakuishia hapo. Mwaka wa 2015 alitoa Scarred, filamu ya hali halisi kuhusu mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984, ambamo walionusurika wanakaa mbele ya kamera na kusema wenyewe. Muhula ujao tutaitazama, na kila mwanafunzi atakuja na daftari la kuandikia vitenzi.