Okestra ni Kiwanja

Msomaji wa Dar es Salaam akisikia okestra huwaza magitaa na tarumbeta, pengine bendi kama Orchestra Makassy au Maquis. Akifungua ramani ya viti ya ukumbi wa New York atakuta Orchestra ni sehemu ya watazamaji, ile ya chini kabisa mbele ya jukwaa. Mwepesi wa kuhukumu atasema Wamarekani wamevipachika viti jina la muziki ili bei ipande. Ukifuatilia neno lenyewe unakuta kinyume chake: wanamuziki ndio walioazima jina la mahali. Kwa Wagiriki wa kale orkhestra kilikuwa kiwanja cha kuchezea, jina lililotokana na kitenzi chao cha kucheza ngoma. Pale Epidaurus, Ugiriki, kingalipo, duara la udongo lenye ukingo wa mawe na upana wa takriban meta 20. Warumi walilikata duara nusu, wakawaondoa wachezaji, wakawawekea maseneta viti, kama alivyoandika Vitruvius, msanifu majengo wao. Basi mtazamaji alikaa okestra karne nyingi kabla ya fidla kuwapo. Opera ya Ulaya ilipowaketisha wapiga ala papo hapo, chini ya jukwaa, jina likawaangukia, nao wakaondoka nalo. Mswahili asione ajabu: baraza ni lile benchi la mawe mbele ya nyumba, na Baraza la Mawaziri halikalii mawe.

Mtu atapinga kwamba Mmarekani anayeuza tiketi hamkumbuki seneta yeyote. Kweli, na hana haja. Wafaransa husema fauteuils d'orchestre, yaani viti vya karibu na wapiga ala, na Waingereza walikuwa na orchestra stalls. Ondoa neno la kiti, fauteuils au stalls, libaki la mahali, orchestra. Pingamizi zito ni jingine. Katika ukumbi wa Metropolitan Opera wa New York, sehemu iitwayo Parterre, neno la Kifaransa lenye maana ya chini ardhini, iko juu ya Orchestra! Hapa nakubali kushindwa nusu: jina lilipanda ngazi pamoja na hadhi ya waliokaa katika vyumba vya Parterre. Lakini Orchestra haikuhama sakafu, na hilo ndilo pekee inalomwahidi mnunuzi. Safu za nyuma, zilizofunikwa na roshani, sauti huzifikia ikiwa imefifia, nazo pia ni Orchestra.