Tazama Pengo Kwanza

Wiki iliyopita, katika ukumbi mmoja hapa Singida mjini, kijana alisimama mbele ya watu kama arobaini akawaonyesha dashibodi ya seva za ofisi yao kwenye runinga kubwa. Mistari ya kijani ilinyooka kama kamba ya kuanikia, kutoka Jumatatu hadi Ijumaa. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wa kikao akasema kazi kama hii ndiyo ya kuigwa mkoa mzima. Mimi nilikuwa safu ya nyuma, macho yangu kwenye Jumatano. Jumatano ile umeme ulikatika mtaa ule kuanzia saa 8 mchana hadi karibu saa 10, na wao hawana jenereta. Nilipita nikawakuta wote wamekaa barazani wakisubiri. Kwenye runinga, mstari ulivuka saa 8 ukavuka saa 9 bila kutetereka.

Nimekerwa, na ndiyo sababu ya kuandika.

Anayetaka kujua kama ukusanyaji wa vipimo umefanywa na fundi asianze na rangi. Atafute saa moja ambayo anajua kwa hakika kwamba mambo yaliharibika, kisha aangalie grafu inasemaje hapo. Akikuta weupe, mstari umekatika na kuanza tena mbele, avute kiti. Kazi hiyo inastahili kuzungumzwa. Akikuta mstari umeunganishwa, aondoke zake. Mengine yote yatakuwa hivyo hivyo.

Pengo ndilo wanaoanza hawalioni, kwa sababu wanatazama mstari. Na wakiliona wanalionea aibu, wanaliziba. Wengine wanaliziba kwa sifuri, na hapo wamekosea mara mbili. Sifuri ni jibu. Ukimuuliza mwenye ghala amebakiwa na magunia mangapi ya vitunguu akasema hakuna, amekujibu. Ukikuta ghala lina kufuli na mwenyewe hayupo, hujajibiwa chochote, na huna ruhusa ya kuandika sifuri kwenye daftari.

Waliotutangulia walilijua hili, nao walijifunza kwa makosa. MRTG ya Tobias Oetiker, programu ile ya 1995 ya kuchora grafu za mtandao kwa kijani na bluu, ilipokosa jibu kutoka kwa ruta iliandika tena thamani ya mwisho, isipokuwa uiagize vingine. Mtu huyohuyo alipotoa RRDtool mwaka 1999 aliipa neno la tatu, mbali na namba na sifuri: haijulikani. Kila chanzo kikapewa mapigo ya moyo, yaani muda wa juu wa kusubiri. Yakipita bila taarifa mpya, kipande kile cha muda kinaandikwa kwamba hakijulikani, na mchoro unaachwa mweupe. Sijaona tangu hapo wazo lililo bora kuliko hilo katika kazi yetu.

Mzee aliyenifundisha, enzi zile Dar es Salaam, hakuwa na haja ya kutazama skrini ya mwanafunzi. Ulimwamkia, ukamwambia umemaliza, akaitikia marahaba, akazunguka nyuma ya rafu akachomoa waya wa mtandao. "Twende tukanywe chai." Chai ile ilichukua robo saa, na muda huo aliupima makusudi: faili zetu za RRDtool zilikuwa na hatua ya sekunde 300 na mapigo ya sekunde 600. Mimi nilikuwa nimeweka mapigo ya siku nzima, ili grafu yangu isikatike kamwe. Tuliporudi akachomeka waya, tukasubiri kimya. Usomaji mmoja ulipoingia, ukajaza robo saa yote iliyopotea kana kwamba waya haukuguswa. Mzee hakunigombeza. Alilifuta faili, akaniambia nianze upya, akaenda kukaa mezani kwake. Nilianza upya mara tatu siku ile.

Leo udanganyifu ni rahisi zaidi. Kwenye Grafana, programu ya kuchora dashibodi, ni chaguo moja la kubofya, na mapengo yote yanaunganishwa. Nimemjua mtu aliyelipwa kwa mwezi kulingana na uzuri wa ripoti. Aliunganisha mapengo, halafu akachukua wastani wa saa nzima nzima ili hata vilima visionekane. Aliyekuja baada yake alihangaika wiki mbili akitafuta kwa nini wateja wanalalamika kila alasiri.

Na pengo haliishii kwenye picha. Andika kanuni ya arifa: nipigiwe simu makosa yakizidi 5 kwa mia. Sasa ua programu kabisa. Programu iliyokufa haitoi kosa hata moja. Mfululizo unatoweka, hesabu inarudi tupu, simu inanyamaza, nawe unalala. Prometheus, programu ya kukusanya vipimo iliyoanza 2012 pale SoundCloud mjini Berlin, humwandikia kila anayevutwa kipimo kiitwacho up: 1 akijibu, 0 asipojibu. Toleo la 2.0 la 2017 likaongeza alama ya uchakavu, mstari ukatike papo hapo badala ya kuburuzwa dakika 5 zaidi. Vyote viko tayari, bure. Nikifungua kanuni za mtu nisikute up wala absent, ile inayojibu mfululizo ukikosekana, sisomi zaidi.

Ndugu yake pengo hilo ni kaunta isiyozaliwa. Kaunta ya makosa ambayo haikuanzishwa na sifuri haipo mpaka kosa la kwanza litokee. Inazaliwa ikiwa na 1, na rate, hesabu ya kasi ya kupanda, haioni kupanda kokote. Kosa la kwanza, lile lililokuwa na habari yote, limepotea. Fundi huanzisha kaunta zake zote kwa sifuri programu inapowaka.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Ukimweka mkusanyaji Dar es Salaam avute vipimo vya kiwanda cha kukamua alizeti kilichoko nje ya Singida, kiungo kikianguka utapata pengo ambalo si la kiwanda. Mzani ulikuwa unapima na foleni ya malori ilisogea vizuri. Mkusanyaji akae jirani na kinachopimwa, ahifadhi palepale, kisha apeleke mbele kiungo kikirudi. Na asitegemee foleni ya kupelekea peke yake: Prometheus hushikilia takriban saa 2 za data isiyopelekwa, baada ya hapo zinaachwa. Kiungo cha hapa kinaweza kulala usiku mzima. Hifadhi ya ndani, ambayo kwa kawaida ni siku 15, ndiyo itakayokuokoa.

Yaliyobaki nitayapitisha upesi. Wastani wa muda wa kujibu usitundikwe ukutani. Weka pasentaili ya 99 kutoka kwenye histogramu, wala usichukue pasentaili za seva tatu ukazijumlisha na kuzigawanya kwa tatu. Namba ya simu ya mteja haiwi lebo, kamwe. Sekunde, si milisekunde, na kipimo kiandikwe mwishoni mwa jina. Grafu zisizidi sita kwa skrini. Geji ya mviringo yenye mshale kama wa gari ni ya mtu asiye na la kusema. Nyekundu ina maana moja tu. Saa zihifadhiwe kwa UTC lakini zionyeshwe kwa saa za hapa, maana mlinzi akikuambia ilitokea saa nne asubuhi, simu yako inasema 10:00 na seva inasema 07:00, na nimeona watu wazima wakigombana nusu siku juu ya saa moja hiyohiyo.

Zamani tulikuwa na picha moja kila dakika 5, tukaichapa, tukaibandika ukutani, na kila mtu aliyepita aliisoma. Seva tulizijua kwa sauti za feni zake. Sasa kuna usomaji kila sekunde 15 na hakuna anayesimama kuangalia.

Lakini kwenye kiwanda kile cha alizeti bado ninachapa. Msimu uliopita mama mhasibu aliniomba niushone mstari wa siku moja kabla wakurugenzi hawajafika, kwa sababu wangeuliza. Nilimwambia, mama, hilo siwezi, waache waulize. Aliondoka amenuna. Wiki iliyofuata nilipoingia chumba cha mzani karatasi ilikuwa ukutani, na katikati ya weupe ule, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wake wa kulala upande, palikuwa pameandikwa: "Umeme. 8:10 hadi 9:45. Tulipima kwa daftari, magunia 41."